Kutoka Mgongo wa Udongo hadi Uso wa Zege: Historia ya Imigongo ya Rwanda na Uteuzi wa Vyombo vya Kuhamishia Nakshi

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia safari ya nakshi za imigongo za mashariki mwa Rwanda, kutoka kuta za ndani za nyumba za udongo hadi kuta za zege za miji ya leo. Hoja kuu ni kwamba uteuzi wa chombo cha kuhamishia nakshi, kiwe stensili nyembamba, stensili nene au kalibu, ni uamuzi wa kihistoria kwa sababu ndio unaoamua ni sehemu gani ya urithi itakayofika ukutani na ipi itakayoachwa njiani. Kwa kutumia ushahidi wa kiisimu, hususani neno imigongo lenyewe na vitenzi ambavyo Kiswahili hutumia kutaja kazi za nakshi, makala yanaonesha kwamba tofauti ambazo nyaraka za ujenzi huzifumbia macho zimehifadhiwa katika lugha kwa muda mrefu. Mwishoni yanatolewa mapendekezo kuhusu istilahi na nyaraka za zabuni katika Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Maneno muhimu: imigongo, nakshi, stensili, kalibu, zege, istilahi

1.0 Utangulizi

Katika miji ya Rwanda, msafiri hachukui muda mrefu kukutana na michoro ya pembe kali, misharazi na miraba iliyofungamana kwa rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu. Huiona katika hoteli, katika mikahawa, katika ofisi na katika kuta za nje zinazotazama barabara. Michoro hiyo hutajwa kwa jina moja, imigongo, na imekuwa alama inayotambulisha nchi hata kwa mtu asiyejua ilikotoka. Mara nyingi imepakwa juu ya zege au plasta ya saruji kwa msaada wa stensili, yaani karatasi au plastiki iliyokatwa matundu ili rangi ipite mahali panapotakiwa na izuiwe kwingine.

Jambo hili linaweza kuonekana kuwa la mafundi na wasanifu majengo peke yao. Fundi huteua stensili kwa kutazama bei, ukubwa wa ukuta na muda wa kazi, kisha mambo hukamilika. Hata hivyo, nakshi inapohamishwa kutoka maada moja hadi nyingine, chombo cha kuihamishia huwa ni kichujio. Kuna kinachopita na kuna kinachobaki. Swali la kihistoria ni hili: katika safari ya imigongo kutoka udongo hadi zege, ni nini kilichopita, ni nini kilichobaki, na nani aliyeamua?

Swali hilo lina uzito wa kisera pia. Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, Itifaki ya Soko la Pamoja ikaanza kutumika mwaka 2010, na mwaka 2017 Kiswahili kikafanywa kuwa lugha rasmi nchini humo. Uganda nayo iliridhia hatua kama hiyo katika Baraza la Mawaziri mwaka 2022. Mafundi, vifaa na mikataba huvuka mipaka, na lugha inayotarajiwa kuwaunganisha watu hao ni Kiswahili. Ikiwa Kiswahili cha nyaraka hakitofautishi chombo kinachohamisha rangi na chombo kinachohamisha umbo, mkataba utatimizwa kwa maneno ilhali urithi umepotea ukutani.

2.0 Ukuta wa Gisaka

Imigongo ni sanaa ya Gisaka, eneo la mashariki mwa Rwanda lililokuwa ufalme wenye watawala wake kabla ya kumezwa na ufalme wa Rwanda katikati ya karne ya 19. Leo sehemu kubwa ya historia hiyo inahusishwa na wilaya ya Kirehe, inayopakana na Tanzania kwenye maporomoko ya Rusumo. Masimulizi ya mapokeo yanamtaja Kakira, mwana wa mfalme Kimenyi wa Gisaka, kuwa ndiye aliyebuni namna hii ya kupamba nyumba na kuifundisha kwa wengine. Kama ilivyo kwa masimulizi mengi ya asili, thamani yake haimo katika tarehe. Imo katika kile yanachokithibitisha: kwamba watu wa Gisaka waliihesabu sanaa hii kuwa yao na yenye heshima ya kifalme, hata baada ya ufalme wenyewe kutoweka.

Utengenezaji wake unaeleweka vizuri. Samadi ya ng'ombe huchanganywa na majivu, na mchanganyiko huo hupangwa juu ya ukuta, au juu ya ubao katika miongo ya karibuni, kwa kufuata mistari iliyochorwa awali. Vidole huukandamiza na kuuinua mpaka utokee ukingo mrefu wenye mgongo wa mviringo. Ukingo ukikauka husuguliwa, ndipo rangi hufuata. Rangi za jadi zilitoka katika mazingira ya karibu: nyeupe kutokana na udongo mweupe uitwao ingwa, nyekundu kutokana na udongo wenye chuma, na nyeusi kutokana na majivu ya maganda ya ndizi yaliyochanganywa na utomvu wa mshubiri na matunda ya jamii ya mtunguja. Kazi hii ilikuwa, na kwa kiasi kikubwa bado ni, kazi ya wanawake.

Kwa mtafiti wa lugha, jina lake ni hati ya kwanza ya kumbukumbu. Katika Kinyarwanda, umugongo ni mgongo na imigongo ni migongo. Neno hilo na neno la Kiswahili ni ndugu wa asili moja ya Kibantu, kiasi kwamba msemaji wa Kiswahili akiondoa irabu tangulizi hubaki na neno lake mwenyewe. Waliolitoa jina hawakuitaja rangi. Hawakutaja mchoro wala umbo la mraba au la msharazi. Walitaja kile kilichoinuka. Sanaa hii imeitwa kwa jina la tuta linalosimama juu ya uso wa ukuta, ambalo mkono hulihisi hata gizani na ambalo mwanga wa mlangoni hulitilia kivuli upande mmoja. Katika nyumba ya zamani isiyo na madirisha makubwa, kivuli hicho kilikuwa sehemu ya mchoro.

Historia ya karne ya 20 haikuwa rafiki kwa ukuta huo. Nyumba za msonge zilipungua, matofali na mabati yakachukua nafasi, na sanaa ikabaki kwa watu wachache. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 yaliikumba Gisaka kwa ukatili mkubwa. Kanisa la Nyarubuye, lililo katika eneo hilohilo, ni mojawapo ya kumbukumbu zake za kuhuzunisha. Baada ya hapo, vikundi vya ushirika vya wanawake wa Kirehe, hasa katika eneo la Nyakarambi kando ya barabara iendayo Rusumo, viliifufua sanaa hiyo kwa kuihamishia kwenye mbao zinazoweza kubebwa na kuuzwa. Kampeni ya serikali ya kuondoa nyumba za nyasi, zijulikanazo kama nyakatsi, iliyofikia tamati mwaka 2011, iliwapatia watu makazi bora na wakati huohuo ikaufunga ukurasa wa aina ya nyumba iliyoizaa imigongo. Tangu hapo imigongo ina makao mawili: ubao wa mafundi wa Kirehe na ukuta wa saruji wa mjini. Ubao umeuhifadhi mgongo. Ukuta wa saruji haujaamua bado.

3.0 Vitenzi vinne vya nakshi

Kiswahili kina urithi wake wa nakshi za ukutani, na msamiati wake ulizaliwa katika mawe na chokaa ya pwani. Mihrabu ya msikiti wa Kizimkazi, Unguja, ina maandishi ya Kikufi yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107 wa Miladia. Katika magofu ya Husuni Kubwa, Kilwa, ya mwanzoni mwa karne ya 14, kuna mapambo yaliyochongwa katika matumbawe. Mafundi walijua kwamba matumbawe laini hukatika kwa urahisi yakiwa mabichi na huwa magumu yakishakauka, kwa hiyo walichonga mapema. Karne ya 18 ikaleta katika nyumba za mawe za Lamu, Pate na Siyu plasta ya chokaa iliyochongwa kwa ustadi mkubwa, pamoja na safu za zidaka zilizojaza ukuta mzima wa ndani.

Kazi hizo zote zinatajwa kwa kitenzi kuchonga. Anayechonga huondoa: nakshi hupatikana kwa kupunguza kilichopo. Imigongo ni kinyume chake. Hapo hakuna kinachoondolewa. Kuna kinachoongezwa kwa vidole, na kitenzi chake cha Kiswahili ni kufinyanga. Kitenzi cha tatu ni kusubu, kilichotumika zaidi kwa madini yanayoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Umbo hapo hutolewa na chombo, na mkono hukaa mbali. Kitenzi cha nne ni kupaka, ambacho hakibadilishi umbo lolote bali huufunika uso.

Vitenzi hivi vinne si visawe. Kila kimoja kinaeleza uhusiano tofauti kati ya mkono, chombo na maada, na kila kimoja huacha alama tofauti ambayo mtazamaji makini huitambua. Nakshi iliyochongwa ina kingo kali na vilindi visivyolingana. Iliyofinyangwa ina migongo ya mviringo na mitetemo midogo ya vidole. Iliyosubiwa hujirudia bila tofauti. Iliyopakwa haina kivuli.

Majina ya vyombo nayo yana historia inayofaa kuangaliwa. Kalibu, lililotoka katika Kiarabu, limetumika kwa muda mrefu kwa kitu chenye uwazi kinachokipa kingine umbo, kama kalibu ya matofali. Kigezo, kutoka kitenzi geza chenye maana ya kulinganisha na kuiga, ni kile ambacho kazi hupimwa kwacho. Kiolezo, kutoka oleza, kinakaribiana nacho. Siku hizi maneno yote mawili yamepata kazi mpya katika kompyuta, ambako hutaja faili tupu linalosubiri kujazwa. Stensili liliingia kwa mlango wa ofisi. Kizazi kilichosoma kabla ya mashine za kunakilia kuenea kinaikumbuka karatasi ya nta iliyotobolewa na taipureta ili wino upite na kuchapa mitihani na barua za mikutano. Wembamba umo ndani ya neno hilo tangu lilipowasili. Fundi anaposikia stensili hufikiri kitu bapa kinachopitisha kioevu, na hivyo mkataba unaosema tu "nakshi za imigongo kwa stensili" umekwisha kuchagua kitenzi kupaka bila mtu yeyote kujadili.

Kinyarwanda cha ujenzi kinaonesha kwamba njia ya maneno haikuwa ya upande mmoja. Mwashi huitwa umufundi, tofali huitwa itafari na rangi huitwa irangi. Haya yalipanda kutoka Kiswahili. Saruji ni sima, vigae ni amakaro na msaidizi wa mwashi ni umuyede. Haya yalitoka katika Kifaransa wakati wa utawala wa Wabelgiji. Neno imigongo ni miongoni mwa machache yanayosafiri kuelekea upande wa pili, kutoka ndani ya bara kwenda katika Kiswahili cha eneo zima. Hiyo ni sababu nyingine ya kulipokea pamoja na maana yake.

4.0 Saruji na vyombo vyake

Saruji ya Portland, iliyopatiwa hataza na Joseph Aspdin nchini Uingereza mwaka 1824, ilichelewa kuwa bidhaa ya kawaida katika Afrika Mashariki kwa sababu ilisafirishwa kwa meli na bei yake ilipanda kila ilipoingia bara. Viwanda vya eneo hili vilibadili hali hiyo hatua kwa hatua: Bamburi, karibu na Mombasa, kilianza uzalishaji mwaka 1954, Wazo Hill cha Dar es Salaam mwaka 1966, na Bugarama, kusini magharibi mwa Rwanda, mwaka 1984. Kabla ya hapo ukuta wa saruji mashariki mwa Rwanda ulikuwa alama ya misheni, ofisi ya serikali au duka. Baadaye ukawa tarajio la kila familia.

Zege lina sifa moja inayolitofautisha na mawe: huanza likiwa uji. Kwa sababu hiyo, kulipamba kumekuwa hasa historia ya vyombo. Katika Maonesho ya Paris ya mwaka 1867, watengenezaji kutoka Barcelona walionesha vigae vya saruji vyenye rangi. Ndani ya fremu ya chuma huwekwa kigawanyo chenye vyumba vilivyofuata mistari ya mchoro. Saruji ya kila rangi humiminwa katika chumba chake, kigawanyo huondolewa, na kigae hushindiliwa kwa mashine. Mchoro hapo si rangi ya juu. Umo ndani ya kigae kwa kina cha milimita kadhaa, kwa hiyo hudumu hata nyayo zikiulamba kwa miongo mingi.

Njia ya pili ilikuzwa na Brad Bowman huko California katika miaka ya 1950. Vyombo vya chuma vilishindiliwa juu ya zege bichi lililotiwa rangi ili kuacha alama za mawe au matofali. Baadaye mihuri ya mpira ilichukua nafasi ya chuma na kuweza kunakili hata mikwaruzo midogo ya jiwe la asili. Njia ya tatu ni ya stensili. Karatasi ngumu iliyokatwa hulazwa juu ya zege bichi la sakafuni, unga wa rangi hunyunyizwa na kusawazishwa, kisha karatasi hubanduliwa. Kwa zege lililokwisha kukomaa hutumika plastiki yenye gundi au isiyo na gundi, na rangi hupakwa kwa roli, brashi au bomba la kupuliza.

Njia zote hizi zilibuniwa kwa ajili ya michoro iliyokuwa bapa tangu mwanzo, au kwa ajili ya kuiga jiwe. Hakuna hata moja iliyobuniwa kwa kufikiria mgongo wa Gisaka. Ndiyo maana haiwezekani kuchukua chombo kilichopo sokoni na kudhani kwamba kinafaa kwa kuwa tu umbo la mchoro limeingia ndani yake.

5.0 Kuteua: madaraja, kimo na rangi

Uteuzi wa chombo kwa ajili ya imigongo unakutana na masuala matatu, na kila moja lina upande wa ufundi na upande wa historia.

Suala la kwanza ni la madaraja. Stensili ni kipande kimoja chenye matundu. Mchoro wenye umbo ndani ya umbo, kama misharazi mitatu iliyozungukana, huacha visiwa visivyoshikwa na chochote. Ili visiwa visidondoke, mkataji huacha vijidaraja vya plastiki, na kila kijidaraja huacha pengo katika mstari uliopaswa kuwa mzima. Imigongo imejaa maumbo ya namna hiyo. Fundi asiyetaka mapengo anaweza kutumia stensili tatu: ya kwanza ina tundu moja la msharazi mkubwa, ya pili la wa kati, ya tatu la mdogo, na kila rangi hupakwa juu ya iliyotangulia ikishakauka. Mstari utakuwa mzima, lakini gharama na muda vitaongezeka, na alama za kulinganishia zitahitajika pembeni. Anayelipia kazi akidai bei ya stensili moja, atapata mchoro uliokatikakatika, na watoto watakaokua wakiutazama watadhani mapengo yale ni sehemu ya urithi. Historia ya sanaa ina mifano mingi ya kasoro ya chombo iliyogeuka kuwa mtindo.

Suala la pili ni la kimo. Stensili nyembamba haitoi mgongo. Ipo stensili nene, ya milimita chache hadi kumi hivi, ambayo plasta husukumwa ndani ya matundu yake kwa mwiko, na stensili huinuliwa kabla plasta haijashika. Hii hutoa umbo lililoinuka, lakini kingo zake husimama wima na juu huwa bapa. Ni tuta lenye mabega ambalo halijawa mgongo. Fundi mwenye subira anaweza kuzungusha kingo kwa sifongo au kidole plasta ikiwa bado mbichi, na hapo kitenzi kufinyanga hurudi kazini kwa sehemu. Kalibu, kwa upande wake, inaweza kutoa mgongo wa mviringo bila shida, kwa kuwa umbo linalopungua kuelekea juu hutoka katika kalibu kwa urahisi. Vipande husubiwa chini na kupachikwa ukutani. Tatizo lake ni maungio: mstari wa kiungo usipopangwa upite katika mpaka wa umbo, hukata migongo kama ufa.

Kuna jambo zito zaidi kuhusu kalibu. Kalibu ya mpira inaweza kutengenezwa kwa kumiminwa moja kwa moja juu ya ubao wa imigongo ulionunuliwa Nyakarambi. Kalibu hiyo hubeba kila kitu, hadi mikunjo midogo iliyoachwa na vidole vya mwanamke aliyeufinyanga ubao. Kutokana na ubao mmoja, uliolipiwa mara moja kwa bei ya ubao, vinaweza kutoka vipande mia vya zege. Chombo kilicho aminifu zaidi kwa umbo ndicho kinachoweza kumnyang'anya mwenye kazi kwa ukamilifu zaidi. Stensili nyembamba hupoteza mgongo. Kalibu huweza kuuhifadhi mgongo na kumpoteza aliyeuumba. Uteuzi usiotazama pande zote mbili haujakamilika.

Suala la tatu ni rangi, na hapa historia inatoa msaada usiotarajiwa. Saruji ina ualikali mkali, hasa inapokuwa changa, na hula rangi nyingi za asili ya mimea. Wahandisi hutumia siku 28 kama kipimo cha ukomavu wa zege, na rangi nyingi hufanya vizuri zaidi zikisubiri. Rangi zinazostahimili ualikali na jua la ikweta ni zile za madini, na ya kwanza miongoni mwazo ni nyekundu ya oksidi ya chuma, ambayo ndiyo inayoupa udongo mwekundu wa Gisaka rangi yake. Nyeusi ya jadi, iliyotegemea utomvu na matunda, haifai kwa ukuta wa nje, lakini ipo nyeusi ya oksidi ya chuma inayoweza kuchukua nafasi yake. Nyeupe nayo hupatikana katika madini. Kwa hiyo rangi tatu za asili zinakaribiana na rangi zilizo imara zaidi juu ya zege. Kijani na zambarau zinazoanza kujitokeza katika baadhi ya kuta haziwezi kutetewa kwa hoja kwamba saruji imezilazimisha. Saruji, kwa hakika, iko upande wa mapokeo.

6.0 Istilahi, zabuni na sera

Jumuiya ya Afrika Mashariki ina chombo cha kushughulikia lugha, yaani Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar. Kazi ya istilahi za ujenzi kwa kawaida huanza na orodha ndefu ya maneno ya kigeni yanayotafutiwa visawe. Mfano wa imigongo unaonesha kwamba inafaa kuanza na vitendo. Mafundi hawahitaji kisawe kimoja kwa kila neno la kigeni. Wanahitaji maneno yanayotenganisha kazi ambazo matokeo yake ni tofauti. Kwa msingi huo, makala haya yanapendekeza matumizi yafuatayo. Kigezo kiwe mchoro wa asili ulioidhinishwa, ambao kazi iliyokamilika italinganishwa nao. Stensili kibaki kwa chombo bapa kinachohamisha rangi. Stensili nene kitaje chombo kinachohamisha rangi au plasta kwa kimo kidogo. Kalibu kitaje chombo kinachotoa umbo kamili kwa kusubu. Kiolezo, kwa kuwa kimeenea mno, kisitumike peke yake katika nyaraka za kazi.

Neno imigongo lenyewe linastahili kidahizo katika kamusi za Kiswahili. Kisarufi halina usumbufu mkubwa. Likichukuliwa kuwa la ngeli ya miti katika wingi, au la ngeli ya nyumba katika umoja, upatanisho wa kitenzi na wa kihusishi cha umilikaji unabaki uleule: imigongo ya Gisaka imehifadhiwa. Tofauti hujitokeza katika vivumishi, baina ya imigongo mizuri na imigongo nzuri. Ya kwanza inapendekezwa, kwa sababu inaliacha neno katika wingi wake wa asili na kumkumbusha msemaji kwamba anataja migongo. Fasili yake ianze na neno kuinuka, ndipo itaje rangi.

Katika nyaraka za zabuni za umma, mistari mitatu inaweza kubadili mengi. Wa kwanza utaje kimo cha mgongo kwa milimita, hata kama kimo hicho ni sifuri. Kuandika sifuri humlazimisha mwandishi kukiri kwamba ameamua kupaka. Wa pili utaje chombo kwa istilahi mojawapo kati ya zilizotajwa. Wa tatu utaje chanzo cha kigezo na malipo ya waliokitoa, yakihesabiwa kwa eneo la ukuta na si kwa ubao mmoja. Msingi wa kisheria wa kulizungumzia jambo hilo katika eneo hili upo. Itifaki ya Swakopmund ya mwaka 2010, iliyoandaliwa chini ya ARIPO na kuanza kutumika mwaka 2015, inahusu ulinzi wa maarifa ya jadi na sanaa za mapokeo, na Rwanda, Uganda, Kenya na Tanzania ni wanachama wa shirika hilo. Kinachokosekana mara nyingi ni mahali ndani ya mkataba wa ujenzi ambapo haki hiyo inaweza kuandikwa kabla ukuta haujapakwa.

Pingamizi moja linapaswa kujibiwa. Inaweza kudaiwa kwamba nakshi huishi kwa kubadilika, na kwamba kuidai saruji iuhifadhi mgongo ni kuigandisha sanaa. Dai hilo lina ukweli. Imigongo ilishahama kutoka ukutani hadi kwenye ubao bila kupoteza jina, na hakuna sababu ya kuizuia isihamie kwenye zege. Lakini mabadiliko ya awali yalifanywa na wenye sanaa, kwa mikono yao, kwa sababu zao za kujipatia riziki baada ya msiba. Mabadiliko yanayofanywa na bei ya plastiki ni ya namna nyingine. Mchoro bapa unaweza kuwa mzuri na kustahili ukuta. Uitwe mchoro wa mtindo wa imigongo. Kuita bapa mgongo ni kuiomba lugha idanganye.

7.0 Hitimisho

Historia iliyoelezwa hapa ina vituo vitatu: ukuta wa udongo wa Gisaka, ubao wa Kirehe na zege la mjini. Katika vituo viwili vya kwanza chombo kilikuwa kidole, na aliyekishika ndiye aliyeamua. Katika kituo cha tatu chombo kimetengana na mkono, na uamuzi umehamia kwa anayeandika zabuni, anayekata plastiki na anayelinganisha bei. Hao ndio wanaotakiwa kujua kwamba wanateua kitenzi kabla ya kuteua stensili.

Kiswahili hakilazimiki kubuni jipya ili kuwasaidia. Kuchonga, kufinyanga, kusubu na kupaka ni maneno yaliyopo, na kila fundi anayajua. Kinachotakiwa ni kuyapeleka kutoka uwanja wa kazi hadi katika karatasi zinazoamua kazi. Jirani wa mashariki mwa Rwanda amelipatia Kiswahili neno ambalo tayari lilikuwa la Kiswahili, na ndani ya neno hilo ameweka kipimo kilicho rahisi kuliko vyote: anayetaka kujua kama ukuta una imigongo, aupitishie mkono.